Mpigaji na Mtupaji: Historia ya Hesabu ya Watu Wawili

Natumaini kwamba mmekwisha kuketi, kila mmoja ana kalamu na daftari lake, na mwalimu wa darasa amefuta ubao. Leo tutasoma historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya hesabu moja tu. Watu wa Marekani waliitafuta hesabu hiyo kwa miaka mingi, na waliitafuta kwa ajili ya mchezo wa kuchezea mezani. Msicheke. Kabla hatujaagana mtaona kwamba jambo lenyewe si la mchezo peke yake.

Nianze na jambo mnalolijua. Mchezaji wa mpira wa miguu anapiga penalti, na mpira unaingia golini. Je, tumsifu mpigaji kwa ustadi wake, au tumlaumu mlinda mlango kwa uzito wake? Mmoja wenu atasema hivi na mwingine vile, na kila mmoja atakuwa na sehemu ya haki, maana tendo lile lilikuwa la watu wawili.

Sasa nawauliza swali lililo gumu zaidi. Tuseme kwamba daftari la mpigaji laonyesha kuwa hufunga penalti 8 katika 10. Daftari la mlinda mlango laonyesha kuwa wapigaji humfunga penalti 6 tu katika 10. Watu hawa wawili wakikutana, tusadiki daftari la nani? Tuseme 8, au tuseme 6? Liwekeni swali hili akilini. Tutalijibu mwishoni, baada ya kuona jinsi watu wengine walivyohangaika nalo.

MCHEZO WENYEWE

Mchezo wa besiboli huchezwa sana Marekani. Kila timu ina watu 9 uwanjani. Mmoja wao ni mtupaji. Yeye husimama juu ya kichuguu kidogo cha udongo, karibu mita 18 na nusu kutoka kwa mpigaji wa timu ya pili, naye huutupa mpira mdogo mgumu kwa nguvu na kwa hila. Mpigaji ameshika gongo la mti. Akiupiga mpira na kukimbia mpaka kituo cha kwanza kabla wapinzani hawajauleta mpira pale, amepata pigo jema. Mpira ukidakwa kabla haujagusa ardhi, au ukifika kituoni mbele yake, au akiukosa mara 3, basi ametolewa. Na mara chache huupiga mpira ukapita juu ya ukuta wa uwanja. Hapo huzunguka vituo vyote 4 bila kuzuiwa na mtu. Tuliite hilo pigo la kuvuka ukuta.

Kumbukeni jambo moja. Katika mchezo huu hata mtu hodari hushindwa mara nyingi kuliko ashindavyo. Mpigaji apataye mapigo mema 3 katika kila mara 10 husifiwa nchi nzima. Wastani wa wapigaji wote wa ligi kuu kwa muda mrefu umekuwa karibu na mapigo 25 katika kila mara 100.

Hapa nitanyamaza kidogo ili mwalimu aandike ubaoni maneno haya: mpigaji, mtupaji, pigo jema, kutolewa, wastani.

DAFTARI LA CHADWICK

Namba hizo zilitoka wapi? Zilitoka kwa watu walioketi kando ya uwanja na kuandika. Wa kukumbukwa zaidi kati yao ni Henry Chadwick. Alizaliwa Uingereza mwaka 1824, akapelekwa Marekani alipokuwa bado kijana mdogo, akawa mwandishi wa magazeti. Mwaka 1859 alitengeneza jedwali dogo la mchezo wa besiboli. Majina ya wachezaji aliyapanga upande mmoja kutoka juu hadi chini, na mbele ya kila jina aliandika kwa namba yale aliyoyafanya mtu huyo siku hiyo.

Fikirini maana ya jambo hilo. Kabla ya jedwali, mchezo ulikwisha jua lilipotua. Waliouona walisimulia, na kila msimulizi aliongeza chumvi yake. Baada ya jedwali, mtu aliyekuwa mbali, hata mtu ambaye siku ile hajazaliwa, aliweza kusoma na kujua. Wazee wetu wa pwani husema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hivyo ndivyo ilivyo kwa sifa za watu pia.

Lakini daftari hilo lilikuwa na upungufu mmoja. Mwisho wa mwaka namba zote za mpigaji zilijumlishwa pamoja. Mapigo aliyoyapata mbele ya mtupaji hodari na yale aliyoyapata mbele ya mtupaji dhaifu yalitiwa katika kapu moja. Jumla ilimtaja mtu mmoja, ijapokuwa kila tendo lilikuwa la wawili.

KISAHANI CHA ALLEN

Sasa tuje kwenye michezo ya mezani. Wamarekani wengi, watoto kwa wazima, walitamani kucheza besiboli nyumbani wakati wa baridi kali, uwanja unapofunikwa na theluji. Nao hawakutaka wachezaji wa kubuni. Walitaka wachezaji wa kweli, tena kila mmoja atende vile vile anavyotenda uwanjani. Hodari awe hodari, na dhaifu awe dhaifu.

Mwaka 1941 mchezo mmoja wa namna hiyo ulitolewa mjini Chicago. Uliitwa All-Star Baseball, na aliyeubuni ni Ethan Allen, mtu aliyecheza katika ligi kuu tangu 1926 hata 1938. Kila mchezaji alikuwa na kisahani chake cha karatasi ngumu. Ukingo wa kisahani uligawanywa vipande, kama mkate wa mviringo unavyokatwa, na kila kipande kilikuwa na maana yake: hiki ni pigo jema, hiki ni kutolewa, hiki ni pigo la kuvuka ukuta. Mtu aliyepiga mara nyingi mapigo ya kuvuka ukuta alikatiwa kipande kipana cha namna hiyo, na aliyepiga mara chache alipewa chembamba. Kisahani kiliwekwa chini ya mshale wa kuzungushwa kwa kidole. Mshale uliposimama, tendo lilijulikana.

Hii ilikuwa hesabu safi. Ukiuzungusha mshale mara nyingi sana, mapigo hukaribia yale yaliyoandikwa katika daftari la mtu yule. Lakini mmekwisha kuona kasoro yake. Mtupaji yuko wapi? Hayupo. Awe hodari wa mahodari, awe mtu aliyeanza jana, mshale haumjui. Allen alimpa mpigaji tendo zima.

MADARAJA YA WATUPAJI

Mtu mwingine, Clifford Van Beek wa mji wa Green Bay, alikuwa amekwisha kutengeneza mchezo wa kadi na dadu katika miaka ya 1920, akaandikisha haki ya ubunifu wake mwaka 1925. Mchezo huo haukuendelea sana, lakini kijana mmoja wa Lancaster katika jimbo la Pennsylvania aliupenda. Jina lake Richard Seitz. Mwaka 1951 alianza kuuza mchezo wake mwenyewe, uitwao APBA.

Katika mchezo huo hurushwa dadu mbili, moja kubwa na moja ndogo. Ile kubwa husomwa kwanza. Ikiwa kubwa yaonyesha 3 na ndogo yaonyesha 5, twasoma 35. Kila dadu ina pande 6, na 6 mara 6 ni 36, basi kuna matokeo 36 kamili. Kila mpigaji ana kadi yenye matokeo hayo yote, na mbele ya kila moja kuna namba ya kutazama katika jedwali.

Na mtupaji? Seitz alimpa daraja, kama mwalimu anavyotoa alama: A, B, C au D. Baadhi ya namba ambazo ni pigo jema mbele ya mtupaji wa daraja la chini hugeuka kuwa kutolewa mbele ya mtupaji wa daraja la juu. Hii ilikuwa hatua kubwa. Kwa mara hii mtupaji alikuwa na neno katika shauri lake. Hata hivyo neno lake lilikuwa fupi. Kadi ilikuwa bado ni ya mpigaji, na mtupaji alikuwa kama shahidi aruhusiwaye kusema ndiyo au siyo tu.

NUSU KWA NUSU

Mwaka 1948, mtoto wa miaka 11 katika jimbo la New York alikuwa akirusha dadu na kuandika matokeo yake. Jina lake Hal Richman. Hakuridhika na michezo aliyoiona madukani. Aliendelea kuirekebisha hesabu yake mpaka akawa mtu mzima, na mwaka 1961 akaanza kuuza mchezo wa Strat-O-Matic. Mwanzo wake ulikuwa wa hasara. Aliazima dola 5,000 kwa baba yake, kwa ahadi kwamba akishindwa ataacha michezo na kwenda kufanya kazi katika biashara ya bima ya baba. Hakushindwa.

Wazo lake lilikuwa jepesi hata mtu anashangaa kwa nini halikupatikana mapema. Mpigaji ana kadi, na mtupaji naye ana kadi. Hurushwa dadu 3. Dadu moja ni nyeupe, nayo ndiyo hakimu. Ikionyesha 1, 2 au 3, tendo litasomwa katika kadi ya mpigaji. Ikionyesha 4, 5 au 6, litasomwa katika kadi ya mtupaji. Dadu mbili zilizobaki hujumlishwa, na jumla yake huonyesha mstari wa kusoma. Kwa hiyo nusu ya matendo hutoka kwa huyu na nusu kwa yule.

Lakini hapa pana mtego, basi sikilizeni polepole. Tuseme mpigaji hupata mapigo mema 30 katika mara 100. Je, tuandike 30 katika kadi yake? La. Nusu ya matendo yake yatasomwa katika kadi za watupaji, na mtupaji wa kawaida hutoa 25, yaani wastani. Nusu ya 30 ni 15. Nusu ya 25 ni 12 na nusu. Jumla ni 27 na nusu. Mpigaji wetu amedhulumiwa! Alistahili 30, amepata 27 na nusu.

Dawa yake ni kuandika 35 katika kadi ya mpigaji. Nusu ya 35 ni 17 na nusu. Ongezeni 12 na nusu, mwapata 30 kamili. Mwaona? Mpigaji huyu amepita wastani kwa 5. Kwa kuwa kadi yake husomwa nusu ya mara tu, yatubidi tuandike tofauti hiyo mara mbili, yaani 10. Ishirini na tano na 10 ni 35.

Sasa mleteni mtupaji hodari ambaye wapigaji hupata kwake 20 tu. Yeye yuko chini ya wastani kwa 5, basi kadi yake itaandikwa 15. Nusu ya 35 na nusu ya 15, jumla 25. Mpigaji hodari na mtupaji hodari wamekutana, na ustadi wa mmoja umefuta ustadi wa mwingine.

Njia ya mkato ya hesabu hii ni hii, mwiandike katika madaftari: chukua namba ya mpigaji, ongeza namba ya mtupaji, toa wastani. Thelathini na 20 ni 50. Toa 25, zabaki 25.

Tazameni ni jambo gani limetokea. Tulidhani twahitaji namba mbili, ya mpigaji na ya mtupaji. Kumbe zahitajika tatu. Bila wastani, hizo mbili haziwezi kuzungumza. Namba 30 peke yake haisemi lolote. Katika ligi ambayo wastani ni 25 ni sifa, na katika ligi ambayo wastani ni 35 ni aibu.

NUSU KWA NUSU INAPOSHINDWA

Hesabu ya Richman hufaa kwa mambo yatokeayo mara nyingi. Kwa mambo ya nadra inatatizika. Chukueni mapigo ya kuvuka ukuta. Tuseme wastani wa ligi ni 3 katika 100. Mpigaji wetu hupata 6, na mtupaji wetu hutoa 1 tu. Kadi ya mpigaji itakuwa 9, maana amepita wastani kwa 3, na 3 mara mbili ni 6, ukiongeza na 3 ya wastani. Na kadi ya mtupaji? Yuko chini ya wastani kwa 2. Mara mbili ni 4. Tatu toa 4 ni pungufu ya sifuri kwa 1. Nani aweza kuandika pigo lililo pungufu ya sifuri katika kadi? Haliwezekani. Mtengenezaji huishia sifuri, na kosa hubaki.

Dawa ya tatizo hili ililetwa na mtu aliyeitwa Bill James, mwenyeji wa jimbo la Kansas. Katika miaka ya 1970 alikuwa mlinzi wa usiku katika kiwanda cha vyakula vya makopo, na huko ndiko alikopata nafasi ya kufanya hesabu zake za besiboli. Mwaka 1977 alianza kuchapisha kitabu chake cha kila mwaka, na mwanzoni kilinunuliwa na watu wachache sana. Mwaka 1981 alieleza njia ya kukadiria nani atashinda kati ya timu mbili, na baadaye kidogo, kwa msaada wa mwenzake Dallas Adams, njia hiyo ikatumiwa kwa mpigaji na mtupaji.

Njia hiyo haiulizi mtu amepita wastani kwa ngapi. Inauliza amepita mara ngapi. Turudi kwenye mapigo ya kuvuka ukuta. Mpigaji wetu ana 6, na wastani ni 3, basi yeye ni mara mbili ya wastani. Mtupaji ana 1, basi yeye ni theluthi ya wastani. Chukua 3, zidisha kwa 2, upate 6. Chukua theluthi ya 6, upate 2. Jibu ni karibu 2 katika 100. Hakuna tena kwenda chini ya sifuri.

Bill James alijua pia kwamba kuzidisha namba kubwa kuna hatari yake. Wapigaji wakifaulu mara 80 katika 100, na mtupaji akitoa 80, na wastani ukiwa 50, kuzidisha tu kungetupa 128 katika 100, jambo lisilowezekana. Kwa hiyo ilimpasa alinganishe kufaulu na kutolewa, wala si kufaulu na jumla.

Tujaribu. Katika ligi, kwa kila pigo jema 1 kuna kutolewa 3. Uwiano ni theluthi. Mpigaji wetu hupata pigo 1 kwa kutolewa 2. Uwiano ni nusu. Mtupaji wetu hutoa pigo 1 kwa kutolewa 4. Uwiano ni robo. Zidisha nusu kwa robo, upate sehemu 1 ya 8. Gawanya kwa theluthi, upate sehemu 3 za 8. Maana yake ni mapigo mema 3 kwa kila kutolewa 8. Tatu na 8 ni 11, basi ni mara 3 katika 11, karibu 27 katika 100. Kwa njia ya nusu kwa nusu tungalipata 28. Mwaona kwamba kwa mambo ya kawaida njia hizi mbili ni majirani. Kwa mambo ya nadra hufarakana. Tangu kompyuta zilipoenea majumbani katika miaka ya 1980, hesabu hii ya kuzidisha na kugawanya imekuwa rahisi, kwa kuwa mashine haichoki wala haihitaji dadu.

SI KILA TENDO HUGAWANYWA SAWA

Mwaka 2001 mtafiti mmoja, Voros McCracken, alitoa neno lililowashtua wengi. Alisema kwamba watupaji hutofautiana sana katika kuwafanya wapigaji waukose mpira, na katika kuzuia mapigo ya kuvuka ukuta. Lakini mpira ukishapigwa ukabaki ndani ya uwanja, watupaji wa ligi kuu hawatofautiani sana. Hapo kazi kubwa ni ya walinzi waliotawanyika uwanjani, na ya bahati.

Basi nusu kwa nusu si kanuni ya kila jambo. Mtengenezaji mwangalifu hugawanya kila tendo kwa kadiri yake. Hutazama pia mkono. Mpigaji wa mkono wa kulia kwa kawaida hupata taabu zaidi mbele ya mtupaji wa mkono wa kulia kuliko mbele ya yule wa mkono wa kushoto, na wa kushoto kadhalika mbele ya mwenzake wa kushoto. Kwa hiyo kadi za baadaye zina safu mbili, moja kwa kila mkono.

MARA CHACHE HAZITOSHI

Mmoja wenu aweza kusema: "Bwana, mbona mwajitaabisha? Fungueni daftari, mtazame mpigaji huyu alifanya nini zamani mbele ya mtupaji huyu huyu." Ni swali la mtu mwenye akili. Lakini wawili hao huenda wamekutana mara 10 tu. Tuseme mpigaji alipata mapigo 6. Je, ni ustadi wa sita katika kumi? Chukua sarafu ya shilingi, uirushe mara 10. Usishangae ikitua kichwa juu mara 7. Irushe mara 1,000, nayo itakaribia nusu. Mara 10 hazitoshi kumtenga mtu hodari na mtu mwenye bahati. Ndiyo maana watengenezaji wengi hutumia madaftari makubwa mawili, yenye mamia ya mara, kuliko daftari dogo moja la makutano yao.

WALIOKOSEKANA KATIKA KADI

Nimefika mahali nilipotaka kuwafikisha. Allen alipokata visahani vyake mwaka 1941, hakuna hata kimoja kilichokuwa cha mtu mweusi. Sababu haikuwa ufundi. Tangu miaka ya 1880 watu weusi walizuiwa kuingia katika ligi kuu za Marekani, na walicheza katika ligi zao wenyewe. Mmoja wao alikuwa Josh Gibson, mpigaji mwenye nguvu za ajabu. Alifariki mwezi wa Januari 1947 akiwa na miaka 35. Miezi mitatu baadaye, tarehe 15 Aprili 1947, Jackie Robinson aliingia uwanjani kuichezea Brooklyn, na mlango ukafunguka.

Kwa miaka mingi Gibson alikuwa katika masimulizi tu. Wengine walimkuza na wengine walimpunguza. Lakini magazeti ya watu weusi, kama Pittsburgh Courier na Chicago Defender, yalikuwa yamechapa majedwali ya michezo mingi. Watafiti walikwenda wakayasoma gazeti kwa gazeti, na kujumlisha mstari kwa mstari. Mwaka 2009 kampuni ya Richman ilitoa kadi za wachezaji wa ligi hizo. Mwezi wa Desemba 2020 wakuu wa besiboli walitangaza kwamba ligi 7 za watu weusi, za miaka 1920 hata 1948, zihesabiwe kuwa ligi kuu. Na tarehe 28 Mei 2024 namba zao zikaingizwa katika daftari rasmi. Siku hiyo Josh Gibson alisimama juu ya wapigaji wote wa historia, kwa mapigo 372 katika mara 1,000. Aliyetangulia, Ty Cobb, alikuwa na 367.

Sasa, je, twaweza kuwakutanisha Gibson na mtupaji mzungu wa mwaka 1941, tupate jibu la kweli? Itumieni hesabu yetu. Namba ya Gibson twaweza kuisoma. Namba ya mtupaji twaweza kuisoma. Lakini namba ya tatu? Wastani wa ligi ipi? Watu hawa hawakuruhusiwa kuwa katika ligi moja, basi hawana wastani mmoja wa kuwapimia. Tena mara za Gibson zilizoandikwa ni chache kuliko zile za Cobb, ambaye ana zaidi ya 11,000. Mchezo wa mezani utatupa jibu, maana dadu hazikatai kurushwa. Lakini jibu hilo litabaki ni makadirio. Ubaguzi ulimnyima Gibson mshahara na heshima. Zaidi ya hayo ulitunyima sisi sote namba ya tatu, wala hakuna kompyuta iwezayo kuirudisha.

Ndugu zangu, ninyi mnaojifunza kusoma na kuandika mkiwa watu wazima, mtakutana na namba za watu kila siku: alama za mtoto shuleni, magunia ya mkulima, faida ya duka la ushirika. Msiipokee namba kabla hamjaiuliza maswali matatu. Mtu huyu alishindana na nani? Wastani wa mahali pake ulikuwa ngapi? Na jambo hilo lilihesabiwa mara ngapi? Kisha ongezeni la nne: ni nani ambaye hakuandikwa kabisa?

Kwaherini mpaka somo lijalo.

MASWALI KWA DARASA

1. Turudi kwenye penalti. Mpigaji hufunga 8 katika 10. Mlinda mlango hufungwa 6 katika 10. Tuseme wastani wa ligi ni 7. Tumieni njia ya kujumlisha na kutoa. Jibu ni ngapi? (Jibu: 7.)

2. Wastani wa ligi ni 25, mpigaji ana 28, mtupaji hutoa 22. Kila kadi iandikwe ngapi ili mchezo wa nusu kwa nusu uwe wa haki? (Jibu: kadi ya mpigaji 31, kadi ya mtupaji 19.)

3. Bi. Asha alivuna magunia 8 kwa eka mahali ambapo wastani ni 6. Bw. Juma alivuna 10 mahali ambapo wastani ni 12. Nani amepita wastani wa mahali pake? Elezeni kwa maneno yenu wenyewe.

4. Kila mwanafunzi arushe sarafu mara 10 na kuandika matokeo. Kisha jumlisheni matokeo ya darasa zima. Mmeona tofauti gani kati ya namba ya mtu mmoja na namba ya wote?

5. Zungumzeni: katika kijiji au mtaa wenu, ni kazi za akina nani ambazo haziandikwi katika daftari lolote?